Rimu 18x9.5 +38 za 5x114.3 kwenye Impreza GDA yenye 5x100: zitakaa, au nibaki na inchi 17?

Mchomoko

Wakuu, salaam. Gari ni Subaru Impreza WRX sedani ya 2002, toleo la GDA, gia za mkono. Rimu zilizopo ni za kiwandani, 17x7 (kipenyo na upana kwa inchi) ofseti +55, tairi 215/45R17 (upana mm 215, ukuta asilimia 45 ya upana, rimu ya inchi 17). Imefungwa springi fupi, imeshuka kama mm 30 mbele na nyuma. Shokapu ni za kawaida.

Nimeona rimu seti mbili. Ya kwanza ni 18x9.5 ofseti +38, PCD 5x114.3 (matundu matano ya nati kwenye duara la kipenyo cha mm 114.3). Muuzaji anasema zitakaa kwa adapta (sahani za kati ya habu na rimu zinazobadilisha PCD) za mm 25 na tairi 255/35R18. Ya pili ni 17x8 ofseti +35, PCD 5x100, hizo zinaingia moja kwa moja. Moyo uko kwenye za 18. Gari linatembea mjini kila siku, na mara mojamoja linapiga barabara ya Dodoma na watu wanne ndani.

Naomba hesabu, "zitapendeza" nimeshazisikia za kutosha. Zitagusa? Kukunja madigadi kunatosha? Na kama zote hazifai, nitafute kipimo gani?

BoksaNne

Mkuu, twende na namba. Ofseti ni umbali kutoka mstari wa katikati wa upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu (kitovu kinachoshika rimu). Ukichukua nusu ya upana ukatoa ofseti, unajua rimu inatokeza kiasi gani nje ya habu. Ukichukua nusu ya upana ukajumlisha ofseti, unajua inaingia kiasi gani ndani, upande wa shokapu. Inchi moja ni mm 25.4.

17x7 +55 (ya sasa): nje 33.9, ndani 143.9
17x8 +35: nje 66.6, ndani 136.6
18x9.5 +38: nje 82.7, ndani 158.7

Hizo ni rimu tupu. Kinachokwaruza gari ni ukuta wa tairi, na ndipo wengi wanapokosea kwa kuishia kwenye rimu. 215/45R17 juu ya inchi 7 ina upana wa kama mm 213. 255/35R18 hupimwa ikiwa juu ya inchi 9, inakuwa 260. Kila nusu inchi unayoongeza kwenye rimu tairi hutanuka kama mm 5, basi juu ya 9.5 weka 265. Rudia hesabu ileile kwa upana wa tairi:

Ya sasa: nje 51.5, ndani 161.5
255 juu ya 18x9.5 +38, bila adapta: nje 94.5, ndani 170.5
Ileile na adapta ya mm 25: nje 119.5, ndani 145.5

Adapta inakula ofseti. +38 ukitoa 25 inabaki +13. Tairi itatoka mm 68 zaidi ya ilipo leo, karibu sentimita saba. Kukunja ukingo wa madigadi kunakurudishia upana wa ukingo wenyewe tu, mara nyingi mm 10 hadi 15. Kemba (kulala kwa tairi kuelekea ndani au nje) haitafidia pengo hilo labda uilaze tairi mpaka ikae kwa bega la ndani, na hapo tairi inaisha upande mmoja wakati kashata (meno ya tairi) za nje bado mpya. Kwenye bodi ya GDA isiyopanuliwa, seti hiyo na adapta hiyo haifai. Hata kama ungekuwa na habu za 5x114.3 na huhitaji adapta, 9.5 +38 ni ya mtu aliyeamua kukata na kupanua madigadi, na awe na koilova (shokapu na springi zinazorekebishika urefu).

17x8 +35 inakaribia. Ukiivisha 225/45R17, tairi inakuwa na upana wa kama 230: nje 80, ndani 150. Inatoka mm 28.5 zaidi ya sasa, na ndani unapata nafasi ya ziada. Itakaa usawa wa madigadi au ichungulie kidogo. Ukiwa peke yako utaendesha raha, ukibeba watu wanne ukapita kwenye tuta utasikia harufu ya mpira.

Ninachokushauri utafute ni 17x8 yenye ofseti kati ya +45 na +50, au 17x7.5 +48. Mfano 17x8 +48 na 225/45R17: nje 67, ndani 163. Inatoka mm 15.5, inaingia mm 1.5 tu. Lakini kabla ya kununua pima gari lako, maana springi zilizoshushwa na bodi zilizowahi kugongwa zinatofautiana hata kushoto na kulia.

Namna ya kupima: gari likiwa chini kwenye sakafu tambarare, weka rula ndefu wima ikigusa ukingo wa ndani wa madigadi, juu kabisa ya tairi, kisha pima pengo hadi ukuta wa tairi. Magurudumu yote manne. Halafu inua gari, weka stendi, pima pengo kati ya tairi na shokapu, na kati ya tairi na sahani ya springi iliyo juu yake. Pengo la shokapu halibadiliki gari likidunda, kwa sababu shokapu imefungwa kwenye nako (kipande kinachobeba habu) na vinapanda pamoja, kwa hiyo hata mm 4 zinatosha. Pengo la madigadi ndilo linalobadilika kila shimo.

Nati12

BoksaNne kamaliza ya ofseti. Naongeza mambo mawili ambayo wauzaji wa rimu hawayagusi, na kwa Subaru ndiyo yanayoharibu kazi.

La kwanza ni tundu la kati. Habu ya GDA ina duara la mm 56.1 linalojitokeza katikati. Mjini rimu za 5x100 ziko tele zilizotoka kwenye Premio, Allion, Wish na Caldina, na utaambiwa "PCD ni ileile". Ni ileile kweli, ila tundu la Toyota hizo ni mm 54.1. Haliingii kwenye duara la mm 56.1. Fundi asiyejua atakaza nati kwa nguvu, rimu itaning'inia kwenye ncha ya duara bila kulala kwenye uso wa habu. Ukifika kona ya kwanza nati zinalegea. Ama ukereze tundu liwe 56.1 kwa fundi mwenye mashine nzuri, ama uachane nazo. Rimu za Golf ya kizazi cha nne ni 5x100 na tundu 57.1, hizo zinaingia, unaziba tofauti kwa ringi nyembamba. Kumbuka tu viti vyake vya nati (mahali nati inapokaa) ni vya mviringo kama mpira, si vya koni.

La pili ni nati. Subaru ni M12x1.25 (stadi, yaani boliti ya habu, ina unene wa mm 12 na hatua ya uzi ya mm 1.25). Toyota ni M12x1.5. Nati ya Toyota inaanza kuingia kwenye stadi ya Subaru mizunguko miwili kisha inakaba. Fundi akiona inakaba anachukua mashine ya upepo, na hapo stadi imekufa. Nati zote zianzwe kwa vidole, zizunguke angalau mara tano kabla ya spana kugusa. Kiti cha rimu nyingi za soko ni koni ya nyuzi 60. Rimu nyingi za alumini za kiwandani za Toyota zina kiti bapa kinachotaka nati yenye shingo na washa. Koni kwenye kiti bapa hugusa ukingo mwembamba tu, na huo hausikii mkazo.

Adui mwingine ni kalipa (kishikio cha pedi za breki). Kama GDA yako ina kalipa za pistoni nne mbele, upana wa rimu hauna maana kama spoku zimepinda kuingia ndani. Kata kadibodi kwa umbo la kalipa ukianzia uso wa habu, upeleke dukani, uiweke ndani ya rimu. Iache angalau mm 3.

Kimara_STi

Mnamkatisha tamaa jamaa bure. Adapta zimejaa barabarani na magari yanatembea. Adapta nzuri ya alumini iliyochongwa, yenye duara la kati la 56.1 ndani na nje, na stadi zake zenyewe, haina tatizo. Tatizo ni zile za kumwagwa kwenye kalibu.

BoksaNne

Mkuu Kimara, kuhusu ubora tuko pamoja. Tofauti yetu ni nafasi. PCD 5x100 kwenda 5x114.3 haipiti na adapta nyembamba, kwa sababu stadi mpya zinakaa mm 7.15 tu nje ya za zamani. Nati za ndani zinahitaji mahali pa kuzama, kwa hiyo chini ya mm 20 chuma kinabaki kidogo mno. Sasa chukua rimu ya 5x114.3 yenye ofseti kubwa kuliko nyingi zinazopatikana, ile ya STI ya 2005 hadi 2007, 17x8 +53. Weka adapta ya mm 20: inakuwa +33. Hiyo inatokeza kuliko 17x8 +35 ambayo tayari ni ya kubana. Hata rimu ya Subaru mwenyewe, ikipita kwenye adapta, inavuka mpaka. Seti ya +38 ndiyo kabisa.

Halafu kuna beringi. Kadiri katikati ya tairi inavyosogea nje, mzigo unavuta beringi kwa mkono mrefu zaidi, na beringi za nyuma za Subaru za kizazi hiki hazikuwa na sifa nzuri hata na rimu za kiwandani. Usukani nao unaanza kuvutwa na mashimo.

Anayetaka 5x114.3 kweli abadilishe habu na nako za STI, pamoja na breki zinazofuatana nazo. Hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine. Kutoboa matundu mapya kwenye rimu ya zamani msimpe mtu wazo hilo. Matundu yanakaribiana na yale ya mwanzo, chuma kati yake kinakuwa kama karatasi.

Mchomoko

Nimepima kama mlivyosema. Tairi za sasa hadi ukingo wa ndani wa madigadi: mbele mm 24 pande zote, nyuma kulia 22, nyuma kushoto 19. Tairi hadi shokapu: mbele 20, nyuma 23. Tairi hadi sahani ya springi sijaipata vizuri, kidole kimoja kinapita, cha pili kinabana.

Nimepata 17x8 +48 za 5x100, tundu la kati 73.1. Ziko sawa? Na tairi ni 225/45 au 215/45? Kuna aliyesema nivae 215/40 juu ya 8 ili ivutike ipate ule mwonekano.

BoksaNne

Zinakaa. Mbele utabaki na mm 8.5, nyuma kulia 6.5, nyuma kushoto 3.5. Hiyo ya kushoto ndiyo ya kushughulikia. Tofauti ya mm 3 upande hadi upande mara nyingi ni madigadi iliyonyooshwa na kupigwa puti, au nyuma haijapangwa sawa. Anza na alaimenti (upangaji wa magurudumu) ndipo uguse bodi. Ikibaki hivyohivyo, kunja ukingo wa nyuma pande zote mbili. Rangi ipashwe moto kwanza mpaka mkono uivumilie kwa sekunde moja tu, kisha ukunje kidogokidogo kwa mapito mengi. Ukikunja baridi rangi inapasuka kwenye mshono, na mvua ya kwanza inaleta kutu. Angalia pia skrubu inayounganisha bampa ya nyuma na bodi ndani ya tao la gurudumu. Ile ndiyo inayochana ukuta wa tairi kabla madigadi haijagusa. Itoe, weka ribiti bapa.

Tairi: 215/45R17 ina kipenyo cha mm 625.3. 225/45R17 ni 634.3, ongezeko la asilimia 1.4. Spidi ikisomeka 100 unakwenda kama 101.4, si kitu. Nusu kipenyo kinapanda mm 4.5, na hizo ndizo zinazokula pengo la sahani ya springi. Kidole kimoja ni kama mm 15, utabaki na 10. Inatosha.

225/45R17 imeruhusiwa kwenye rimu kuanzia inchi 7 hadi 8.5, 215/45R17 kuanzia 7 hadi 8. Zote halali, 225 inakaa vizuri zaidi na inalinda ukingo wa rimu. Hiyo ya 215/40 achana nayo. Kipenyo kinashuka hadi 603.8, gari linashuka tena zaidi ya sentimita moja bila wewe kutaka, na ukuta wa mm 86 kwenye matuta yetu unapeleka pigo lote kwenye rimu. Ukiwa na watu wanne angalia pia namba ya mzigo: 91 ni kilo 615 kwa tairi, 94 ni kilo 670. Usishuke chini ya iliyoandikwa kwenye tairi zako za kiwandani.

Nati12

Tundu 73.1 ni la kawaida kwa rimu za soko. Unahitaji ringi nne, 73.1 nje na 56.1 ndani. Chukua za alumini kama breki zako zinapata moto sana, za plastiki ngumu zinatosha kwa matumizi ya mjini. Kazi ya ringi ni kuiweka rimu katikati wakati unakaza. Kubeba gari ni kazi ya msuguano wa nati na uso wa habu. Bila ringi, rimu inaweza kukaa nje ya katikati kwa nusu milimita, na usukani utatetemeka kuanzia 80 hadi 110 hata ukifanya balansi mara kumi.

Kabla ya kulipa, geuza rimu uangalie mgongo wake. Tafuta alama za ubora za JWL au VIA na uzito wa juu unaobebwa. Kisha uizungushe kwenye mashine ya balansi bila tairi, utazame ukingo wa ndani. Wa nje huwa umeshapigwa rangi. Rimu iliyonyooshwa kwa moto au kuchomelewa kwenye spoku usichukue, kwa sababu alumini hiyo ilipata ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa, na gesi ya mtaani inauondoa.

Tairi zisome tarehe. Namba nne za mwisho za msimbo wa DOT ulio kwenye ukuta wa tairi: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021.

Mama_wa_Forester

Naomba kuchomekea. Forester SG5, tairi 215/60R16, PCD 5x100 pia. Nataka 17 bila kushusha gari, kwani njia ya nyumbani ni mashimo. Nivae 225/55R17?

BoksaNne

Dada, 215/60R16 ni mm 664.4. 225/55R17 ni 679.3, zaidi kwa asilimia 2.2, na ni pana. Kwenye SG tairi iko karibu sana na sahani ya springi, hiyo itakubana. Chukua 215/55R17, mm 668.3, juu ya 17x7 yenye ofseti +48. Hutakata kitu. Ila kama lengo ni mashimo, 16 ina ukuta wa mm 129 na 17 hiyo ina 118. Kwa njia hiyo ningebaki na 16.

Kimara_STi

Kwa Mchomoko na dada hapo juu: gari ni la magurudumu yote manne. Tairi nne, chapa moja, saizi moja, uchakavu mmoja. Subaru wanataka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, yaani kama mm 6.4. Ukigawanya kwa pai mara mbili, ni tofauti ya takriban mm 1 tu ya kina cha kashata. Mbele 225 na nyuma 245 kama wanavyofanya wa Mark X, kwenye Subaru ni kuipika difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma). Gari la gia za mkono lina difu ya mafuta mazito katikati: vipenyo vikitofautiana inafanya kazi muda wote hata barabara imenyooka, inapata moto, mwisho inakaba. Dalili ni gari kukataa kukata kona kwenye maegesho, kama limeshikwa breki. Tairi moja ikipasuka, badilisha zote nne, au tafuta iliyotumika yenye kina kilekile.

Nati12

Siku ya kufunga: sugua uso wa habu kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, kwa kuwa kutu ya unene wa karatasi inatosha kuilaza rimu upande. Usipake grisi kwenye stadi. Kaza kwa mtindo wa nyota, nusu mkazo gari likiwa juu, mkazo kamili likiwa limegusa chini, kwa spana ya kupimia. GDA ni karibu Nm 90, thibitisha kwenye kitabu cha gari. Mashine ya upepo isitumike kumalizia. Rimu mpya hutulia, kwa hiyo kaza tena baada ya km 50 hadi 100.

Kama utaongeza spesa ya mm 5 siku moja, hesabu mizunguko ya nati: kwa M12x1.25 isipungue kumi. Ikipungua, badilisha stadi ziwe ndefu kwanza.

Kwa alaimenti, mbele boliti ya juu ya shokapu ina kipogo cha kurekebisha kemba, omba nyuzi hasi 1 hadi 1.5 na too (tairi kuelekea ndani au nje zikitazamwa kutoka juu) sifuri. Nyuma kemba haina marekebisho ya kiwandani, itakuwa imejilaza yenyewe kwa kushuka. Too ya nyuma inarekebishika, na ndiyo inayomaliza tairi kwa ndani ikiachwa. Pima ukiwa na nusu tangi.

Jaribio la mwisho: weka watu wanne ndani, kata usukani mwisho kushoto kisha kulia ukirudi nyuma polepole kwenye tuta. Halafu paka chaki ukingo wa madigadi na plastiki ya ndani, uende mzunguko. Chaki ikifutika, pahali pale ndipo panapogusa.

Mchomoko

Nimeelewa. 17x8 +48, 225/45R17 namba 94, ringi za alumini, nati M12x1.25 za koni. Alaimenti kabla ya kugusa madigadi ya nyuma kushoto. Za 18 nimemwambia muuzaji aendelee na mteja mwingine.